Baada ya Pete ya Farao

Mstari wa 14 wa sura ya 41 ya kitabu cha Mwanzo una haraka isiyo ya kawaida. Farao ameota ng'ombe na masuke, wenye hekima wa Misri wameshindwa kumfasiria, mnyweshaji wake amemkumbuka kijana mmoja Mwebrania aliyefungwa naye zamani, na mara: "wakamleta upesi kutoka gerezani. Akanyoa, akabadili nguo zake, akaingia kwa Farao." Basi. Hatuambiwi alichowaza njiani, wala kama alijua anaitwa kwa heri au anakwenda kutundikwa mtini kama yule mwokaji mikate wa Farao aliyefungwa pamoja nao. Ukifika mstari wa 43, Yusufu amekwisha kuvishwa pete ya mfalme, kitani safi na mkufu wa dhahabu, yuko juu ya gari la pili la Farao, na mbele yake watu wanaamriwa wapige magoti.

Nyuma ya mstari huo iko miaka 13. Tunakutana na Yusufu akiwa na miaka 17, anachunga kondoo pamoja na kaka zake. Anaposimama mbele ya Farao ana miaka 30. Kati ya hapo ametupwa katika birika kavu, ameuzwa kwa vipande 20 vya fedha, bei ileile ambayo kitabu cha Walawi kinamwekea kijana wa kiume wa chini ya miaka 20, ametumika katika nyumba ya Potifa, amesingiziwa, amefungwa. Zaburi ya 105 inaongeza jambo ambalo Mwanzo haikulisema: miguu yake iliumizwa kwa pingu.

Hii ndiyo hadithi ambayo Afrika Mashariki tumeifanya mahubiri ya mkesha wa mwaka mpya. Kutoka shimoni hadi ikulu. Nimeisikia tangu utotoni katika makanisa ya mabati, kwenye mikutano ya injili viwanjani na redioni asubuhi kabla ya kwenda shule. Sina ugomvi na mahubiri hayo. Mtu aliyekaa miaka na cheti chake ndani ya bahasha, akizunguka ofisi baada ya ofisi, ana haki ya kusikia kwamba Mungu wa Israeli "humwinua mnyonge kutoka mavumbini." Maneno hayo yako katika Zaburi ya 113, na kabla yake yalitoka kinywani mwa Hana, mama yake Samweli, mwanamke aliyechekwa kwa utasa. Hana aliyasema kwa kinywa kipana, nami nayaamini.

Ninacholalamikia ni mahali tunapofungia kitabu. Tunakifunga kwenye pete. Mwandishi wa Mwanzo hakuishia hapo. Baada ya pete ana sura tisa nzima za kusimulia, na ndani yake anauliza swali zito kuliko lile la Yusufu kupanda: walio chini yake walipata nini?

Nianze na kule kunyoa, maana ni jambo dogo lenye mengi. Huko Beni Hasan, katika kaburi la mkuu mmoja wa Misri aitwaye Khnumhotep wa Pili, kuna picha ya ukutani ya karibu miaka 1900 kabla ya Kristo. Inaonyesha kundi la watu wa Asia wakiingia Misri: wanaume wana ndevu zilizochongoka, nguo zao zina mistari na rangi nyingi, wana punda na watoto. Wamisri wanaowapokea wamenyolewa, wamevaa kitani cheupe. Sidai kwamba hao ni nyumba ya Yakobo. Picha inatuonyesha tu jinsi Mmisri alivyomtambua mgeni kwa kumtupia jicho. Kwa hiyo Yusufu, kabla hajafungua kinywa, ilibidi kwanza afanane nao. Baadaye anapewa jina la Kimisri, Safenath-panea, na mke wa Kimisri, Asenathi, binti wa kuhani wa Oni. Mji huo wa Oni uko leo ndani ya Cairo, mtaa wa Matariya, na mnara mmoja wa jiwe wa Farao Senusret wa Kwanza bado umesimama pale.

Upo pia ukurasa wa mafunjo unaohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Brooklyn, New York, wenye orodha ya watumishi wa nyumba moja ya kitajiri ya Misri ya karne ya 18 kabla ya Kristo. Wengi wao ni watu wa Asia: wafumaji, wapishi, watumishi wa nyumbani. Ubavuni mwa jina ambalo mtu alipewa na mama yake limeandikwa jina jipya la Kimisri. Hao hawakuitwa na Farao yeyote. Walibaki kwenye orodha. Nikisoma juu ya Safenath-panea huwa nawafikiria, kwa sababu kwa kila Yusufu mmoja aliyepandishwa gari walikuwapo wengi walioshonea wenzao kitani mpaka wakafa.

Pete na mkufu navyo vinaeleweka vizuri Misri. Kule Amarna, mkuu mmoja aitwaye Ay anaonyeshwa akipokea mikufu ya dhahabu kutoka kwa Farao Akhenaten, na katika kaburi la Huy, aliyekuwa mtawala wa Kushi siku za Tutankhamun, anaonekana akikabidhiwa muhuri wa cheo. Mwandishi wa Mwanzo alijua anachosema: mwenye muhuri ndiye mwenye neno la mwisho juu ya ghala, shamba na mtu.

Wala Yusufu hakupanda kwa nguvu za miguu yake mwenyewe. Alimwomba mnyweshaji amtaje kwa Farao, na sura ya 40 inafunga kwa maneno makavu kwamba yule mkuu wa wanyweshaji hakumkumbuka, bali alimsahau. Miaka miwili mizima. Wapo marabi wa kale waliosema miaka hiyo miwili ilikuwa adhabu, kwa kuwa alimtegemea mwanadamu na kumwomba mara mbili, "unikumbuke" na "ukanitaje." Hapo siafikiani nao. Mfungwa asiye na hatia kumwomba anayetoka ambebee ujumbe ni haki yake, na anayepaswa kulaumiwa ni aliyepokea ujumbe akakaa nao. Zaidi ya hayo, mnyweshaji alipokumbuka hakukumbuka kwa huruma. Alikumbuka kwa sababu bwana wake alikuwa na shida. Kuinuliwa kwa ghafla katika Maandiko mara nyingi kuna shida ya mwenye mamlaka nyuma yake, na hilo ni vema alijue mtu anayeinuliwa.

(Ndugu zetu Waislamu, ambao tenzi za pwani zimemwimba Yusuf wao kwa vizazi, wanayo hapa sehemu nzuri sana. Katika Sura ya 12 Yusuf anakataa kutoka gerezani mpaka kesi ya wale wanawake ichunguzwe na ukweli ujulikane. Kisha yeye mwenyewe anaomba awekwe juu ya hazina za nchi. Katika Mwanzo haombi cheo. Anaeleza tu kwamba anahitajika mtu wa akili na hekima, na Farao anamtazama.)

Je, alifurahi? Maandiko yanatupa dirisha moja tu, majina ya wanawe. Wa kwanza anamwita Manase, akisema Mungu amemsahaulisha taabu yake yote na nyumba yote ya baba yake. Sasa mtu aliyesahau kweli hampi mtoto jina litakalomkumbusha kila anapomwita aje kula. Wa pili ni Efraimu, kwa kuwa Mungu amemzidisha katika nchi ya mateso yake. Ana gari, ana mke mwenye jina kubwa, nchi nzima inasubiri neno lake, na bado anaiita nchi ya mateso.

Si Yusufu peke yake aliyevikwa hivyo. Katika kitabu cha Esta, Mordekai Myahudi naye alipewa pete ya mfalme Ahasuero, ileile iliyotoka kidoleni mwa Hamani, adui yake. Danieli alivikwa zambarau na mkufu wa dhahabu na Belshaza, mtawala wa Babeli, akatangazwa mtu wa tatu katika ufalme, na usiku uleule Belshaza akauawa. Ilikuwa mwaka 539 kabla ya Kristo, Babeli ikaanguka mikononi mwa Waajemi. Cheo hicho cha Danieli kilidumu saa chache. Na Yehoyakini, mfalme wa Yuda aliyechukuliwa mateka mwaka 597 akiwa kijana wa miaka 18, alitolewa kifungoni katika mwaka wa 37 wa uhamisho wake, akabadilishiwa mavazi ya gerezani, akala mezani pa mfalme wa Babeli siku zote za maisha yake. Vibao vya udongo vilivyochimbuliwa na Wajerumani karibu na lango la Ishtar vinamtaja kwa jina pamoja na wanawe watano, na mafuta waliyokuwa wakipimiwa. Kitabu cha Wafalme kinaishia hapo, kwenye posho ya kila siku. Alipewa kiti, hakupewa nchi, wala hakurudi nyumbani.

Kati ya hao wote anayenitia uchungu zaidi ni Yeftha. Soma Waamuzi 11. Ni mwana wa kahaba, ndugu zake kwa baba wamemfukuza asije akarithi, amekimbilia nchi ya Tobu na kukusanya watu wasio na kitu. Vita vinakuja, wazee wa Gileadi wanamfuata. Anawauliza swali ambalo kila aliyedharauliwa angependa kuliuliza: si ninyi mlionichukia na kunifukuza katika nyumba ya baba yangu, kwa nini mnanijia sasa mkiwa katika shida? Anakubali kwa sharti kwamba akishinda awe kichwa chao. Anashinda. Na ule uchungu unaingia naye katika cheo. Anaweka nadhiri ya haraka inayompoteza binti yake wa pekee, na watu wa Efraimu walipomjia kwa maneno ya dharau, aliwapiga vita mpaka wakaanguka 42,000, wengi wao kwenye vivuko vya Yordani, wakitambuliwa kwa jinsi walivyotamka. Aliwaamua Israeli miaka 6. Mateso yake yalikuwa ya kweli, na hayakumfundisha huruma.

Yusufu kwa kaka zake alikwenda njia nyingine, ingawa si moja kwa moja. Aliwatia ndani siku tatu, akamfunga Simeoni mbele ya macho yao, akaficha kikombe ndani ya gunia la Benyamini. Alikuwa anawapima, na kipimo kilikuwa kimoja: je, mtamwacha mwana mwingine wa Raheli utumwani ili ninyi mrudi salama? Yuda, yuleyule aliyetoa shauri la kumwuza, aliposimama na kusema "nibaki mimi badala ya kijana," Yusufu hakuweza kujizuia. Akalia hata Wamisri wakasikia. Miaka mingi baadaye, Yakobo amekwisha kufa na kaka zake wanaogopa kwamba sasa atalipiza, anawauliza kama yeye ni badala ya Mungu, na anaahidi kuwalisha wao na watoto wao. Sijui ukurasa mwingine wa kale unaoonyesha mtu mwenye uwezo wote wa kulipiza akiuweka chini kwa namna hiyo.

Lakini kaka zake walikuwa watu kumi na mmoja na nyumba zao. Misri ilikuwa nchi nzima.

Hapa Dodoma tuna jumuiya ya kusoma Biblia, tunakutana nyumba kwa nyumba, na tulipokuwa tunapita Mwanzo nilisisitiza tusiruke sura ya 47. Aliyesoma ni mama mmoja anayefanya biashara ya nafaka sokoni. Anajua bei ya gunia wakati wa mavuno na bei yake miezi ya njaa, anajua lumbesa inavyomla mkulima, anajua mtu anavyouza mahindi yangali mabichi shambani kwa sababu mtoto anaumwa leo. Alisoma kuanzia mstari wa 13 polepole. Njaa imekuwa nzito. Yusufu anakusanya fedha yote iliyopo Misri na Kanaani kwa nafaka aliyouza. Fedha inakwisha. Watu wanarudi, anawaambia walete mifugo: farasi, kondoo, ng'ombe, punda. Anawalisha mwaka huo. Mwaka unaofuata wanarudi tena wakisema hawamfichi bwana wao, fedha imekwisha, mifugo ni yake, hakuna kilichosalia ila miili yao na mashamba yao. "Utununue sisi na nchi yetu kwa chakula." Naye akainunua nchi yote ya Misri iwe ya Farao, na watu akawahamisha mijini, toka mpaka huu wa Misri hata mpaka ule.

Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, hiyo nafaka si ilikuwa yao?"

Ilikuwa yao. Katika ile miaka saba ya shibe iliyotangulia miaka saba ya njaa, kama ndoto ya Farao ilivyofasiriwa, agizo lilikuwa kutwaa sehemu ya tano ya mavuno ya nchi na kuiweka chini ya mkono wa Farao, nafaka kama mchanga wa pwani mpaka wakaacha kuhesabu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba wakulima walilipwa. Waliiweka bure, wakaja kuinunua kwa kila walichokuwa nacho, mwisho kwa nafsi zao.

Mzee mmoja pale alimtetea Yusufu, na utetezi wake haukuwa mwepesi. Bila mtu huyu, alisema, wangekufa wote, na Wamisri wenyewe wanakiri katika mstari wa 25: umetuponya. Aliwapa mbegu. Aliwaachia sehemu nne, akachukua moja ya tano, ilhali mikataba ya kukodi mashamba kule Babeli mara nyingi ilidai theluthi au nusu ya mavuno. Hayo yote ni kweli. Njaa ya miaka saba haikuwa jambo la kuchezea Misri, hata kwenye kisiwa cha Sehel karibu na Aswan kuna mwamba uliochongwa habari ya njaa kama hiyo, Nile ikiwa imegoma kufurika.

Ila mwandishi wa Mwanzo amepanga mambo kwa namna ambayo siwezi kuamini kwamba ni bahati. Mstari wa 11, Yusufu anawapa baba yake na ndugu zake milki katika sehemu iliyo njema ya nchi. Mstari wa 12, anawalisha chakula kadiri ya watoto wao. Hawalipi. Mstari wa 13 unaanza: wala hapakuwa na chakula katika nchi yote. Inafuata habari ya fedha, mifugo, mashamba na miili. Katikati tunaambiwa kwamba ardhi ya makuhani haikuguswa, walikuwa na posho yao kutoka kwa Farao, na msomaji anayekumbuka atajua kwamba mkwe wa Yusufu ni kuhani. Kisha mstari wa 26 sheria ya sehemu ya tano inawekwa "hata leo," na mstari wa 27 unasema Israeli wakakaa Gosheni, ndiyo ile sehemu njema, wakapata mali humo, wakaongezeka sana. Waliokuwa na shamba wamekuwa wapangaji, waliokuja na punda wamekuwa na milki. Mwandishi hamlaumu Yusufu hata kwa neno moja. Anaweka tu mistari hiyo bega kwa bega.

Rashi, yule rabi mkubwa wa Troyes, Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1040, aliona jambo kuhusu ule uhamishaji. Alisema Yusufu aliwahamisha Wamisri kutoka mji hadi mji ili ndugu zake wasije wakadharauliwa na kuitwa wakimbizi, maana kila mtu angekuwa mgeni mahali alipo. Nilipolisoma hilo nilikaa nalo muda mrefu. Linaingia akilini kabisa. Mtu aliyeuzwa ugenini akiwa na miaka 17 anataka watu wake wasionje alichoonja, na njia aliyoipata ni kuifanya nchi nzima ionje.

Wasomaji wa Ugogo hawahitaji maelezo mengi juu ya sura hii. Wazee wa hapa walizipa njaa majina, na kubwa kuliko zote ni Mtunya, ile ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Mvua ilikosekana, kweli, lakini ghala lilikuwa limekwisha kufagiliwa na watu kabla ya jua. Waliosimuliwa Mtunya wanaposoma kwamba fedha ilikwisha, ikafuata mifugo, wakafuata watu wenyewe, wanajua kwamba mpangilio huo haukutungwa mezani.

Kisha ufungue ukurasa. Kitabu cha Kutoka, sura ya kwanza: akainuka mfalme mpya asiyemjua Yusufu. Wana wa Israeli wanawekewa wasimamizi wa kazi ngumu, na kitu wanachomjengea Farao kimetajwa wazi, miji ya kuwekea akiba, Pithomu na Ramesesi. Maghala! Chombo ambacho mwana wao alikifanya kuwa kikubwa kuliko vyote Misri ndicho kinachowavunja migongo wajukuu zake. Farao wa kwanza alipewa nchi yote na watu wake wote na mtu mwema aliyeaminika, na kitu kama hicho hakirudishwi anapokufa mwema, kinarithiwa na ajaye. Na baadaye sana, Sulemani, mwana wa Daudi aliyekuwa mchunga kondoo, naye anajenga miji ya kuwekea akiba kwa kazi ya shokoa.

Torati inajibu. Sijui jina jingine la kuita Walawi 25 zaidi ya jibu: nchi haitauzwa kabisa, kwa kuwa nchi ni yangu, asema Bwana. Ndugu yako akiwa maskini akajiuza kwako, usimtumikishe kama mtumwa, kwa kuwa hao ni watumishi wangu niliowatoa Misri. Mwaka wa hamsini kila mtu arudi kwenye milki yake. Na Kumbukumbu la Torati 17, juu ya mfalme atakayeinuliwa kutoka miongoni mwa ndugu zake: asijiongezee farasi, asiwarudishe watu Misri, asijizidishie fedha na dhahabu, aandike mwenyewe nakala ya sheria na kuisoma siku zote, moyo wake usiinuliwe juu ya ndugu zake. Kichwa kinaruhusiwa kuinuliwa. Moyo umekatazwa.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwa Nehemia, kwa sababu yule mama alitaka kujua kama kuna yeyote aliyewahi kufanya tofauti. Nehemia alikuwa mnyweshaji, kazi ileile ya yule aliyemsahau Yusufu, katika nyumba ya Artashasta wa Uajemi. Mzao wa mateka. Mwaka 445 kabla ya Kristo anatoka kumimina divai, anakwenda Yerusalemu, anakuwa liwali wa Yuda. Sura ya 5 inafungua na kilio: mashamba yetu, mizabibu yetu na nyumba zetu tumeziweka rehani ili tupate nafaka kwa sababu ya njaa, wengine tumekopa fedha kulipa kodi ya mfalme, wana wetu na binti zetu wanaingia utumwani wala hatuna uwezo wa kuwakomboa, maana mashamba yetu yako kwa watu wengine.

Ni Mwanzo 47 tena, karibu neno kwa neno. Safari hii aliyeinuliwa anakasirika. Anaitisha mkutano mkubwa dhidi ya wakuu, anakiri mbele ya watu kwamba hata yeye na ndugu zake wamewakopesha fedha na nafaka, na anadai virudishwe siku iyo hiyo: mashamba, mizabibu, mizeituni, nyumba, na ile sehemu ya mia ya fedha, nafaka, divai na mafuta waliyokuwa wakitoza. Wakuu wananyamaza, hawana la kujibu. Anawaapisha mbele ya makuhani.

Halafu anatoa hesabu ya liwali, na hapo ndipo mama yule alipochukua kalamu akaandika pembeni mwa Biblia yake. Miaka 12 Nehemia na ndugu zake hawakula chakula cha liwali. Mezani pake walikula watu 150, Wayahudi na maakida, mbali na wageni; kila siku ng'ombe mmoja, kondoo wazuri sita, na kuku, na kila siku kumi divai ya kila namna. Hata hivyo hakudai posho ya cheo chake, kwa kuwa mzigo wa watu ulikuwa mzito. Na katika mstari wa 16 anasema walifanya kazi ya ukuta, na shamba hawakununua hata moja.